Vibao Vilivyotazama Ukuta

Afande mmoja wa makamo kutoka kambi ya jeshi aliniletea koti lake nimshonee mfuko uliotoboka. Nina cherehani yangu hapa Nyamityobora, mjini Mbarara, na wanajeshi pamoja na wake zao ni wateja wangu wa kila wiki, kwa hiyo nililipokea bila kulitazama sana. Nilipougeuza ule mfuko ndani nje, majani makavu ya tumbaku yalinimwagikia mapajani na harufu yake ikanipanda puani. Nilitaka kuyakung'uta chini, lakini afande akanizuia kwa mkono.

"Nyabo, hapana tupa. Hiyo taaba mimi naweka ju ya wadudu. Bila hiyo wanakula koti yote."

Nikamwambia najua. Naona hakuniamini. Lakini mimi nimekulia katika nyumba ambamo tumbaku haikuvutwa wala haikunuswa, iliwekewa vitabu. Kasoro ni kwamba vitabu vyenyewe havikuwepo. Alipoondoka nilikaa na lile koti mapajani, cherehani imenyamaza, nikalia, kisha nikajikasirikia kwa sababu nilidhani kilio hicho nilishakimaliza siku nyingi.

Koko, ndivyo sisi watu wa Kivu tunavyomwita babu, alikuwa mtunza vitabu wa mwami. Mwami ni mfalme wa milima yetu. Wako waliopenda ng'ombe, wa kwetu alipenda karatasi. Ndani ya boma lake ilikuwepo nyumba ya matofali yenye chumba kimoja kirefu, na humo Koko alifanya kazi tangu hajaoa mpaka kichwa kikawa cheupe, kwanza chini ya mwami baba, halafu chini ya mwami mwana. Alifika pale akitoka seminari, ambako mapadri walimfukuza kwa kosa ambalo kila akilisimulia lilibadilika. Alijua Kifaransa, alijua kushona kitabu kilichoachana kurasa, na alijua kunyamaza. Asubuhi alimsomea mwami barua zake. Mchana alipanga vitabu kwa namba, akabadilisha majani ya tumbaku rafuni, akapigana na panya. Yeye aliiona kazi hiyo kubwa kuliko ya waziri. Mama yangu, aliyekuwa mkwe wake, aliiona ni kukaa kivulini tu, na alimwambia hivyo.

Katika hadithi zake za boma, moja ilinikaa kichwani kuliko zote. Mwami baba alipofariki, Koko aliingia peke yake katika kile chumba, akavigeuza vitabu vyote vikatazama ukuta, kimoja kimoja, majina yakajificha. Ndiyo yalikuwa matanga ya vitabu. Hakuna aliyeruhusiwa kuvisoma mpaka mwami mpya aingie. Kazi hiyo ilimchukua siku tatu, na alisema hajawahi kuona chumba chenye upofu kama kile. Nilikuwa mtoto, nikaelewa nilivyoelewa: kitu kikitazama ukuta, mwenyewe amekufa.

Siku boma lilipochomwa nilikuwa mgongoni mwa mama karibu muda wote, kwa hiyo ninachokumbuka ni shingo yake na jasho lake. Mengine niliambiwa. Mwami aliuawa siku hiyohiyo. Koko aliingia ndani ya moshi akiwa na gunia tupu, akatoka likiwa limejaa, na kila mtu alidhani ameokoa vitabu vya thamani. Kumbe ndani mlikuwa na vibao vya mbao kumi na vinane, vyembamba, virefu kama kitabu. Njia nzima watu walibeba masufuria, magodoro, kuku. Koko alibeba vibao. Mama alimsema tangu milimani mpaka Kabazana, mahali tulipopokewa na kuandikishwa tulipoingia Uganda. Alisema batu banabeba sufuria, mukwe wangu anabeba kuni. Koko alilihamishia gunia bega la pili, akaendelea kutembea.

Baba hakuwa nasi. Alikuwa mwalimu, na asubuhi ile alikuwa shuleni kwake, upande wa pili wa mlima. Nyumbani kwetu neno lilikuwa moja: alibakia nyuma. Nikiuliza, mama alisema alibakia nyuma, na uso wake ulifunga mlango. Hatukuwa na picha yake wala barua yake. Sura yake nilianza kuisahau kidogo kidogo, kwanza masikio, halafu meno, na sikumwambia mtu.

Tulipopewa kiwanja katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale na kujenga kijumba chetu cha udongo na turubai, kitu cha kwanza Koko alichofanya, kabla ya kitanda, ni kupigilia ubao kwenye ukuta wa nyuma. Akavisimamisha vile vibao juu yake, vyote vikitazama ukuta. Nyuma ya nyumba, karibu na mgomba wetu mmoja, alipanda miche ya tumbaku, na majani yake yalipokauka aliyapanga kati ya kibao na kibao. Kila asubuhi alivifuta kwa kitambaa bila kuvigeuza. Sisi wengine tulikatazwa kuvigusa.

Kila aliposikia malori ya wakimbizi wapya yamefika, alikwenda Kabazana kwa miguu akiwa na karatasi yenye majina. Siku nyingine alinichukua. Alikuwa akisimama mbele ya watu waliochoka, wengine bado wana vumbi la safari kwenye kope, akasoma jina moja baada ya jingine kwa sauti ya kanisani. Watu walitikisa vichwa. Kuna mwanamke aliyewahi kuziba mdomo kwa kitenge na kuondoka haraka. Mimi niliamini Koko ametumwa kutangaza misiba, na kwamba kazi yake ya zamani kwa mwami ndiyo hiyo. Sikumsikia akisoma jina la baba. Baadaye nilijua kwamba hilo alikuwa akiliuliza pembeni, akimshika mtu mkono, kwa sababu sauti ilimkataa.

Ndipo nikajua kusoma. Mtoto akishajua kusoma hakuna kinachomponyoka, anasoma hata mfuko wa unga. Siku moja mama alikuwa amekwenda kuwalimia watu huko Ngarama, na Koko yuko Kabazana. Nikapanda juu ya dumu la maji, nikageuza kibao cha kwanza. Jina lilikuwa limechomwa kwenye mbao, herufi nyeusi zilizozama, na chini yake namba, na chini ya namba jina la mahali. Nikageuza cha pili, cha tatu. Vyote vilikuwa na majina ya watu. Na vyote vilitazama ukuta, na mimi nilijua maana yake. Cha saba kilisema: BAHATI. 212. SHULE, KABATI YA NYUMA.

Bahati ni jina la baba. Hivyo ndivyo nilivyopata habari ya kifo chake, juu ya dumu la lita ishirini, mchana, kuku wa jirani akiwa mlangoni ananitazama. Sikulia. Nilichohisi zaidi ni hasira kwamba wakubwa walijua na hawakuniambia.

Jumapili kabla ya hapo, baada ya ibada, nilikuwa nimewasikia wanawake wakizungumza chini ya paa la kanisa. Walisema kufa si kitu, kila mtu atakufa; kinachowanyima usingizi ni wale walioachwa njiani bila kuzikwa. Mama alikuwa miongoni mwao na alilia kuliko wote. Nikajumlisha hayo mawili nikapata jibu langu. Nilivirudisha vingine vikatazama ukuta, cha baba nikakifunga katika kipande cha kitenge, nikachimba kwa jembe la mama karibu na mgomba, nikakizika. Nilisema Baba Yetu uliye mbinguni mpaka mwisho bila kukosea. Kisha nikasawazisha udongo, nikanawa miguu, nikajiona nimefanya jambo la utu uzima lililowashinda wakubwa.

Koko aliona pengo asubuhi iliyofuata. Sijawahi kuona mtu mzima akitafuta kitu namna ile. Alikung'uta mikeka, akamwaga maharage chini, akatambaa kwa magoti katika majivu ya jikoni. Humo majivuni alikuta kipande cha mbao kilichoungua nusu, mbao ya kawaida tu, lakini huzuni ilishamtia wazimu. Jirani yetu, Mama Furaha, alikuwa akipika katika jiko letu siku mvua ikiharibu lake. Koko alimfuata mbele ya watu akamwambia amechoma jina la mtoto wake kwa ajili ya ugali. Mama Furaha aliweka ndoo yake chini taratibu.

"Koko, miye niliachaka batoto babili mu njia, sikubazika. Nitachoma jina ya mutoto wako juu ya nini?"

Hakuinua tena mguu kuja kwetu. Mimi nilisimama palepale, nimejikausha kama si mimi. Nilijua kwamba nikisema neno moja tu yote yangekwisha. Nilijiambia kwamba wakijua wataufukua mwili wa baba, na nikauma ulimi. Miezi kadhaa baadaye Mama Furaha alihamia kijiji kingine cha mle mle Nakivale, na sijawahi kumwomba msamaha.

Halafu siku moja mfu mmoja akaja kunywa chai. Nilirudi kutoka kuchota maji nikamkuta mwanamke mnene ameketi kwenye mkeka wetu, na Koko, ambaye hakuwa mtu wa kucheka, anacheka. Alisema huyu ni Vumilia, muuguzi, wamekutana Kabazana. Jina hilo nilikuwa nimelisoma kwenye kibao cha pili. Nilirudi nyuma mpaka nikaangusha ndoo. Vumilia alinionyesha kidole chake gumba, chenye kovu dogo la mviringo, akasema babu yako ndiye aliyenisababishia alama hii. Na Koko, kwa furaha ya siku ile, akaeleza mambo ambayo hakuwahi kunieleza kwa sababu alidhani nayajua.

Mwami aliwaazima watu vitabu vyake, lakini kwa sharti. Aliyetaka kitabu aliketishwa mbele ya mbabula, yaani jiko la makaa, akapewa msumari wa moto uliofungwa kitambaa, na kwa mkono wake akachoma kwenye kibao jina lake, namba ya kitabu, na mahali kitabu kitakapolala. Kibao kilisimamishwa rafuni badala ya kitabu. Hakuna aliyechomewa na mwingine, hata mapadri walichoma wenyewe, na aliyeazima mara ya kwanza alijulikana njiani kwa lengelenge la kidole gumba. Mkubwa mmoja wa serikali aliwahi kumtuma karani achome jina la mkubwa wake. Kitabu kilipochelewa, Koko alimfuata yule karani, akamwacha mkubwa. Kwa sharti la mwami, aliyeshika msumari ndiye aliye na kitabu, hata jina likiwa la mwingine.

Nikamuuliza Koko kama watu wa vibao wamekufa. Aliniita mama, kwa kuwa nilipewa jina la mama yake.

"Hapana, mama. Haba ni batu benye bako na bitabu. Bitabu byenye nilichunga muzuri, byote biliungua. Byenye batu balikatala kurudisha, njo byenye biko bizima leo."

Vumilia alicheka, akasema cha kwake alikiacha chini ya kitanda, hajui kama kitanda kipo. Koko akasema hata hivyo, bado ni yeye aliye nacho. Miaka yote alikuwa akiwagombeza wasiorudisha, na sasa hao ndio maktaba yote iliyobaki duniani. Vibao vilitazama ukuta kwa matanga ya mwami na ya nyumba yake, na kila atakayempata hai atamgeuza. Akainuka, akakigeuza kibao cha Vumilia kikatutazama. Kisha macho yake yakaenda kwenye lile pengo, na furaha ikamtoka usoni.

"Fasi ya baba yako iko wazi. Siku atafika, nitageuza nini?"

Niliondoka nikaenda nyuma ya nyumba. Nilikuwa nimemzika baba yangu akiwa hai. Nilichimba kwa mikono, nikakuta kitenge kimekuwa nyuzi, na ndani yake mchwa walikuwa wamekula mbao yote na kuacha udongo wao mwekundu wenye umbo la kibao. Nilipougusa ulivunjika. Hapakuwa na herufi hata moja.

Ningesema siku hiyo. Kila siku kwa miaka minne nilisema nitasema. Nilikua na lile jambo tumboni, nikawa msichana mpole mno, wa kusifiwa kanisani kwa utulivu, na sifa hizo zilinichoma. Koko aliendelea kwenda Kabazana mpaka ukungu wa macho ulipomzuia kuona njia. Waliogeuzwa walikuwa wanne tu. Baba hakuja, wala hakuna aliyesikia habari yake, nzuri au mbaya.

Koko alipougua kifua tulimleta hospitali hapa Mbarara. Wakati huo alikuwa haoni kabisa. Alilala akitazama dari, vidole vikipapasa ukingo wa blanketi kama anayehesabu kurasa, akawa anauliza jambo moja. Hakutaka padri wala chakula. Alimwambia mama arudi Nakivale atafute tena kile kibao, maana huenda kilianguka nyuma ya kitanda. Anataka kugusa mwandiko wa mtoto wake mara moja, basi. Mama alitoka nje akalia. Nikasema nitakwenda mimi.

Nilirudi Nakivale asubuhi. Nilikata kipande cha mbao kwenye ule ubao wa ukutani, nikakilainisha kwa jiwe, nikawasha makaa. Maneno niliyajua kwa moyo. Sikujua msumari wa moto una ukaidi kiasi gani; herufi ya kwanza ilizama mno, ya tatu ikapinda, na kitambaa kilipoteleza niliungua kidole gumba mpaka nikasikia harufu ya ngozi yangu. Sikuacha. Niliandika Bahati, nikaandika namba, nikaandika shule, kabati ya nyuma. Nikakisugua kwa majani ya tumbaku kinuke harufu ya vile vingine, nikapanda gari kurudi mjini.

Nilimwekea kifuani. Nilimwambia, Koko, nimekipata, kilikuwa nyuma ya kitanda. Alikinusa kwanza. Halafu akapitisha kidole juu ya herufi polepole sana, B, A, H, akafika mwisho, akarudi mwanzo. Mama alisimama miguuni pa kitanda, amekunja mikono kifuani. Mimi nilikuwa nikimwomba Mungu jambo moja tu, kwamba mzee huyu adanganyike. Koko alinyoosha mkono akautafuta wangu. Aliushika, akavipapasa vidole kimoja kimoja mpaka akafika kwenye kidole gumba, penye lengelenge. Hapo akatulia.

Nilingoja anifukuze. Aliacha kidole chake juu ya jeraha langu, bila kulibonyeza.

"Basi kile kitabu, weye njo uko nacho sasa," alisema. "Utakirudisha."

Hakuuliza kibao cha kwanza kilikwenda wapi. Alifariki baada ya siku mbili na tukamzika Nakivale. Siku ya maziko niliingia nyumbani nikavigeuza vibao vile vinne vilivyokuwa vimegeuzwa, navyo vikatazama ukuta, kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kuifanya kazi hiyo.

Mama aliniambia baadaye kwamba kitabu namba 212 kilikuwa cha kufuga nyuki, kwa Kifaransa, chenye picha za mizinga na muhuri wa mwami ukurasa wa kwanza, chui amelala. Baba alitaka kuwafundisha wanafunzi wake kurina asali. Nimeshakutana na vitabu vya nyuki viwili katika mitumba ya mjini, nikafungua ukurasa wa kwanza palepale njiani, nikavirudisha. Watu wa kwetu wakija kushonesha nguo ninawapima, nikimaliza ninawauliza kama wamewahi kuona kitabu cha namna hiyo katika shule fulani juu ya mlima fulani. Wengi hunitazama kwa huruma. Wengine hucheka.

Afande alikuja jana kuchukua koti lake. Nilimwomba majani machache ya ile tumbaku akanipa bila kuuliza, nikayaweka chini ya kile kibao nilichokichoma mwenyewe, ambacho nimekisimamisha karibu na cherehani. Hakitazami ukuta wala hakinitazami mimi, nimekiweka ubavu. Kukigeuza upande wowote sina haki nako mpaka nikirudishe kitabu.